Chozi Alianguka

Gaithersburg, Maryland
15 Septemba 2024

Mjukuu wangu Queen,

Niwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Umeniandikia mara mbili tangu ufike Ekuador, nami sikukujibu hata mara moja. Mama yako alikuambia kwamba nilikuwa na shughuli. Sikuwa na shughuli. Nilikuwa na hasira kwa sababu uliacha kazi nzuri ya maabara pale Beltsville ukaenda kukaa milimani kutazama ndege. Mtu mwenye hasira hukosea sarufi, kwa hiyo nilisubiri ipoe.

Sasa imepoa. Tuendelee.

Utaratibu wako ni mzuri. Andika kwa mkono, upige picha, na gari la kituo likishuka mjini penye mtandao, umtumie mama yako, Genoveva. Yeye atanichapia kazini kwake, nami nitakujibu kwa njia hiyohiyo. Ujumbe wa simu siutaki. Vijana wa nyumbani huandika "xaxa" badala ya "sasa", na mimi ni mzee mno kuanza kusoma upya.

Barua zako nimezisahihisha kwa wino mwekundu na ninazirudisha. Angalia kosa moja kubwa. "Ndege kubwa yangu" si Kiswahili. Ile yenye injini ni ndege kubwa; huyu mwenye damu ni ndege mkubwa. Kila chenye uhai huingia ngeli ya A-WA, hata kama jina lake lina umbo la ngeli nyingine. Kiboko analala. Kipepeo anaruka. Najua umeipata wapi hiyo "ndege yangu": kwa rafiki yako Jelagat. Ni binti mwema, na anawatunza wazee wa watu kwa moyo, lakini Kiswahili alichotoka nacho Eldoret kina ngeli mbili tu, "hii" na "hizi".

Umeuliza ndege hao mnaowachunguza wanaitwaje kwa Kiswahili. Wanaitwa chozi. Chozi ni ndege mdogo wa rangi ya kung'aa, mwenye mdomo mrefu, afyonzaye maua. Kwetu Machame alikuwa akija kwenye maua ya migomba. Andika chozi.

Na kwa kuwa umeniambia kwamba kazi yako ni ya aina mbili za ndege hao, nakupa zoezi. Nilinganishie. Kulinganisha si kusifu. Mweke mmoja kando ya mwenziwe, useme huyu yuko hivi, ilhali yule yuko vile. Nataka kuiona hiyo "ilhali".

Babu yako,
Mwl. Eliudi Ombeni


Kituoni, Ekuador
29 Septemba 2024

Babu, shikamoo.

Nilipopata barua yako nilipiga kelele mpaka Wayne akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Wayne ni msaidizi mwenzangu, kijana wa Virginia. Tunaangalia nyavu pamoja. Nyavu ni laini sana, ndege hazioni. Samahani: hawazioni. Akinaswa, mkubwa wetu mmoja anamtoa, tunampima haraka mezani, tunampa maji ya sukari, tunamwachia. Sisi wageni haturuhusiwi kumtoa ndege peke yetu.

Babu, kuhusu jina, sikubaliani na wewe. Chozi wako wa Machame na hawa wa huku si ndugu. Wanafanana kwa sababu wote wanakunywa kwenye maua. Lakini chozi anatua kwenye tawi ndipo anakunywa. Hawa wanasimama hewani, mabawa yanavuma. Afrika hawapo kabisa. Mimi nitawaita wavumaji.

Sasa zoezi. Wa kwanza tunamwita Jitu. Ni mkubwa kuliko wavumaji wote duniani, ni mrefu kuliko shomoro. Anakaa mabonde makavu, kwenye dungusi kakati na vichaka. Rangi yake ni ya udongo, hana mapambo. Wavumaji wengine huwezi kuona mabawa yao, unaona ukungu tu. Jitu linaruka polepole, unaona bawa likipanda na kushuka kama la popo.

Wa pili tunamwita Upanga. Jitu anakaa pakavu, ilhali Upanga anakaa kwenye msitu wenye ukungu na maji yanayodondoka siku nzima. Jitu anakula maua mengi ya kila namna, ilhali Upanga ana maua yake, marefu kama tarumbeta, yanayoning'inia. Ndege mwingine hafiki ndani yake. Wanasema mdomo wake ni mrefu kuliko mwili wake. Akipumzika anauinua juu, kama mtu aliyebeba ngazi sokoni na hataki kugonga watu.

Lakini mdomo huo una shida. Ndege wote husafisha manyoya kwa mdomo. Yeye hawezi, ni mrefu mno, kwa hiyo anajikuna kwa miguu. Anafika ndani kabisa ya ua la mbali, ilhali manyoya ya kifua chake mwenyewe hayafikii. Babu, nilicheka peke yangu. Namjua mtu wa namna hiyo Gaithersburg.

Mjukuu wako,
Queen


Gaithersburg
8 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Queen,

Marahaba. Mtu wa Gaithersburg amesoma barua yako na hakucheka. Mama yako alicheka kwa niaba yake.

Zoezi ni zuri kuliko nilivyotarajia. "Ilhali" zote zimekaa mahali pake. Yafuatayo hayakukaa.

"Jitu linaruka." Jitu likiwa tusi, linaruka. Akiwa ndege mwenye damu, anaruka. Narudia kwa mara ya mwisho: chenye uhai ni A-WA.

"Wavumaji" ni neno la kubuni. Lugha si shamba lisilo na mwenyewe, kila apitaye akapanda anachotaka. Neno lipo, ni chozi. Wasiwe ndugu wa damu, si kitu; mimi na Mutai, mwenyekiti wa chama chetu cha hapa, si ndugu, na wote tunaitwa wazee.

"Wanasema mdomo wake ni mrefu kuliko mwili wake." Nani wanasema? Nilipokuwa mkaguzi wa shule sikumkubalia mwalimu hata mmoja aliyeniambia "wanasema". Wewe uko hapo, ndege yuko hapo, rula ipo. Pima mwenyewe, kisha uniandikie "nimepima". Barua ijayo nataka neno hilo.

Nina sababu ya kukuhimiza. Jumamosi tarehe 16 Novemba Watanzania na Wakenya wa huku tutakuwa na jioni ya Kiswahili katika ukumbi wa kanisa, Columbia Heights. Nimeombwa nilete maandishi ya kijana aliyekulia Marekani. Unawajua watoto wa hapa: ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, na wazazi wao wanacheka kana kwamba ni kipaji. Nataka wasikie kwamba wangu yupo, na anaandika.

Babu yako,
Mwl. Eliudi Ombeni


Kituoni
27 Oktoba 2024

Babu, shikamoo.

Samahani nimechelewa. Gari lilikuwa limeharibika, na mimi pia sikuwa na nguvu ya kuandika.

Nimepima. Nilipima mdomo kwanza, halafu mwili bila mkia. Mdomo ni mrefu kuliko mwili, Babu. Ni kweli. Sasa unaweza kuwaambia watu kwamba mjukuu wako amepima mwenyewe.

Upanga ni mwepesi kuliko nilivyofikiri. Jitu ukimshika unahisi umeshika kitu, moyo wake unagonga kidole chako. Upanga ni kama kushika barua. Kifua chake ni cha kijani, na ukimgeuza kwenye mwanga kinakuwa cheusi. Mdomo umepinda juu kidogo sana, huwezi kujua mpaka umweke kwenye rula.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi na ukungu. Chozi lilianguka mkononi mwangu, nikaliacha. Sikumwambia mtu yeyote.

Mnaendeleaje huko? Mwambie Mama asinitumie soksi nyingine.

Queen


Gaithersburg
3 Novemba 2024

Mjukuu wangu mpendwa,

Marahaba, tena marahaba. Nimeisoma barua yako mezani, kisha nikaisoma tena kwa sauti, na mama yako akaja kusikiliza akiwa bado na koti lake la kazini. Sijawahi kuandika maneno haya juu ya kazi ya mtu wa nyumba hii, lakini nayaandika sasa: vizuri sana.

"Nimepima." Hilo ndilo neno.

Nimeona pia kwamba hatimaye umelikubali jina nililokupa. Hukuandika "mvumaji". Umeandika "chozi". Ukaidi wako ni wa kwetu, na kuushinda ukaidi wa kwetu ni kazi, nakupongeza.

Limebaki kosa lilelile. Umeandika: "Chozi lilianguka mkononi mwangu, nikaliacha." Nimesahihisha hivi: "Chozi alianguka mkononi mwangu, nikamwacha." Ana uhai, Queen! Na afadhali useme "alitua", maana ndege mzima haanguki. Lakini nimeiacha "alianguka" kwa kuwa ina mshtuko wake: ndege wa porini anamwangukia mtu mkononi, naye anamwachia aende zake. Ni mwisho mzuri wa insha. Jambo moja tu silielewi. Kwa nini hukumwambia mtu? Jambo jema husimuliwa.

Nimeinakili barua yote kwa mwandiko wangu, ikiwa imesahihishwa, nami nitaisoma tarehe 16.

Babu yako,
Mwl. Eliudi Ombeni


Kituoni
10 Novemba 2024

Babu, shikamoo.

Nimepokea masahihisho. Asante.

Naomba usiisome barua ile mbele ya watu. Tafadhali. Soma ile ya kwanza, ya Jitu na Upanga.

Hapa si pazuri sana. Wayne anaondoka mwisho wa mwezi. Kuna Upanga alikutwa amekufa wavuni, na wavu ulikuwa wa Wayne siku hiyo. Profesa Audrey, mkuu wa kituo, amesema hawezi kukaa na mtu asiyeangalia nyavu zake. Jana nilimsaidia Wayne kukunja nguo. Alinishukuru.

Mvua inanyesha.

Queen


Gaithersburg
17 Novemba 2024

Queen,

Mama yako ameniambia nisianze kwa salamu, nami nimemtii.

Uliniomba nisiisome barua ile. Niliisoma. Nilidhani ni haya ya kijana asiyejua thamani ya kazi yake, na nilitaka watu waisikie. Nakueleza yaliyotokea kama yalivyotokea, na maneno ya watu nayaandika kama walivyoyasema, bila kuyagusa.

Ukumbi ulijaa. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika mwisho, "Chozi alianguka mkononi mwangu, nikamwacha," walipiga makofi. Mutai akasema kutoka kiti cha mbele, "Mwalimu, hiyo ndege ilikuwa imefugwa ama?"

Nikamjibu, "Ndege huyo, Mutai. Sema 'alikuwa amefugwa'."

"Sawa, huyo. Lakini ndege ya msitu inakuangukia tu hivi, kama parachichi?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, Queen. Kisha Jelagat, aliyekuwa amekaa nyuma na mama yako, akaja mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hebu nione barua yenyewe. Si hii umeandika wewe. Ile ya Queen."

Nilikuwa nayo mfukoni. Nilimpa bila wasiwasi, nikidhani anataka kuona masahihisho ajifunze. Akaisoma pale pale, midomo ikimcheza.

"Ameandika 'lilianguka'."

"Alikosea. Ndiyo maana nimetia wino."

"Hakukosea. Ameita hao ndege Upanga na Jitu kwa hii barua yote. Mbona hapa tu ndiyo aseme chozi?" Akanitazama. "Mwalimu, hii ni chozi ya macho. Huyu mtoto alikuwa analia, na wewe umem-correct."

Mutai akasema, "Wueh! Mwalimu amesahihisha machozi," na wachache wakacheka tena. Nilitaka kumwambia Jelagat kwamba ni "chozi la macho", si "ya". Hilo ndilo lililonijia kichwani, Queen, nikiwa nimesimama mbele ya watu wote wale. Naliandika ili ulijue.

Nilikaa. Mtu akaleta sambusa, mazungumzo yakahamia kwenye uchaguzi wa viongozi wa chama. Hakuna aliyenitazama. Njiani kurudi mama yako aliendesha mpaka tulipoingia barabara ya 270. Kisha akasema, "Baba, nilikuwepo ulipokuwa ukiisoma mezani. Nami sikusikia." Nikamwambia ana uchovu wa kazi. Akasema, "Sote wawili tulikuwa tunakusikiliza wewe."

Nimeichukua barua yako ya tarehe 27 nikaisoma bila kalamu. "Sikuwa na nguvu ya kuandika." "Sikumwambia mtu yeyote." Yote ulikuwa umeyaandika waziwazi. Mimi niliona herufi mbili tu, "li".

Kisha nikaisoma ya tarehe 10. Umeandika: "Kuna Upanga alikutwa amekufa wavuni." Nimefundisha kauli ya kutendwa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Huitumia mtu asiyemjua mtenda, au anayemjua na hataki atajwe. Siulizi ili nikusahihishe. Nauliza kwa sababu nimekosea mara moja na sitaki kukosea mara ya pili.

Ulikuwa unalilia nini?

Babu


Kituoni
20 Novemba 2024

Babu,

Nililia kwa sababu nilimuua.

Nitakuambia yote, kisha unaweza kunichukia.

Ulitaka niandike "nimepima". Najua ningeweza kusubiri mkubwa wetu ampime nikatazama, lakini hiyo ingekuwa "wanasema" nyingine. Asubuhi ile Wayne ndiye alikuwa mwangalizi wa wavu wa juu. Alikuwa amepeleka ndege mwingine mezani, akaniambia, "Nitarudi sasa hivi, usiguse kitu." Upanga akaingia wavuni mbele ya macho yangu. Nikamtoa. Nilimtoa vizuri, Babu, hakuumia hata unyoya. Nilikuwa na furaha.

Nilimpima mdomo. Nilimpima mwili. Baridi ilikuwa kali, lakini nilijua utaniuliza kama nina hakika, nikampima tena. Nikampiga picha na rula. Ndege hawa hawana akiba. Wasipokula muda mfupi tu, hasa kwenye baridi, wanapoa na kuzima. Maji ya sukari yalikuwa mezani, kule alikokuwa Wayne. Nilijua. Nilifikiri bado kidogo tu.

Akafumba macho. Nikampulizia pumzi ya moto kwenye kifua, nikamweka ndani ya shati. Alipolegea sikujua kama ni usingizi. Halafu nikajua. Hapo ndipo chozi lilianguka.

Kama ningekaa hapo nikalia, mambo yangekuwa mengine. Lakini nilisikia viatu vya Wayne kwenye matope. Nikamrudisha wavuni. Nilimfungua mabawa nikazipitisha nyuzi katikati yake, ili aonekane amejinasa mwenyewe na kusahauliwa. Nilifanya haraka na nilifanya vizuri. Wayne alikuja akamwona, akasema, "Hapana, hapana, hapana," kama mtu anayembembeleza mtoto.

Profesa Audrey alimuuliza aliangalia wavu ule lini. Akasema, "Sasa hivi tu." Hakumwamini. Nilikuwa nimesimama pale, rula iko mfukoni mwangu.

Wayne hasemi vibaya juu ya mtu. Anafikiri labda ni kweli alisahau. Wiki iliyopita aliniambia, "Pengine nilikaa mezani muda mrefu kuliko nilivyodhani." Nimemfanya asijiamini hata yeye mwenyewe. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko ndege.

Nikisema, nitaondolewa, na Profesa ndiye angeniandikia barua ya kuniombea chuo mwakani. Nisiposema, Wayne anapanda gari mwisho wa mwezi na jina hilo mgongoni. Kila siku ninaamka nikisema leo, na kila siku ninamsaidia kufunga mizigo.

Uliposoma barua ile watu walipiga makofi. Mama aliniandikia. Nilijificha kwenye stoo ya nyavu mpaka chakula cha mchana.

Queen


Gaithersburg
22 Novemba 2024

Mjukuu wangu,

Sikuchukii. Nakuandikia neno hilo kwanza lisije likapotea katikati ya mengine.

Sitakuambia kwamba si kosa. Ungejua kwamba nadanganya, na udanganyifu katika barua hizi umetosha. Ila usichanganye mambo mawili. Ndege kufa mkononi mwako ni msiba. Umemgusa bila ruhusa, umeadhibiwa papo hapo. Kumrudisha wavuni ni jambo jingine. La kwanza lilikutokea. La pili ulilitenda.

Nami nina yangu. Nani alimfundisha mtoto kwamba neno la mkubwa aliyepima kabla yake halitoshi? Nani alimwandikia "pima mwenyewe" bila kuuliza ndege hushikwa vipi, na nani, na kwa muda gani? Nilikutuma milimani kwa kalamu, mimi niliyeketi hapa kwenye kiti chenye mto, radieta miguuni. Nilitaka neno la kuwasomea watu Columbia Heights. Nimelipata, na tazama limetoka wapi. Nimekuwa nikipita ukumbini mwa nyumba hii nikishindwa kumtazama mama yako.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Nimemwandikia Profesa Audrey barua. Mama yako ameitafsiri kwa Kiingereza. Nimemweleza kwamba mimi ndiye niliyekuamuru, kwamba umelelewa kutii, na kwamba lawama ianzie kwangu kabla ya kufika kwako. Nipe anwani yake niitume. Ikifika kabla hujazungumza naye, huenda ikakupunguzia mzigo.

Jelagat alikuja jana kumsalimu mama yako. Nilimwomba radhi sebuleni. Akasema, "Aa, Mzee, achana na mimi. Mtoto amejibu?" Nikamwambia amejibu. Akauliza, "Sasa utamfanyia nini?" Nikamwonyesha barua ya Profesa. Aliisoma yote, akanirudishia, akasema, "Muulize kwanza kama anaitaka." Ndipo nikaona kwamba hata hilo sikulifikiria.

Basi nakuuliza. Unaitaka?

Babu yako


Kituoni
26 Novemba 2024

Babu, shikamoo.

Barua yako ilinifikia juzi mchana. Siitaki ile ya Profesa. Usiitume, tafadhali. Uliniambia nipime. Hukuniambia nimrudishe wavuni. Ukiingia kati, kila mtu hapa atamtazama babu mwenye huruma, na Wayne atabaki amesimama pembeni kama mwanzo.

Nilikwenda jana. Nilimwomba Profesa Audrey amwite Wayne kwanza, nisije nikasema jambo moja kwake na jingine kwa mwenzangu. Alishangaa, akamwita. Wayne alikuja na mkate mkononi, alikuwa anakula.

Nilisema, "Upanga hakufia wavuni. Alifia mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyemweka wavuni." Nilisema kwa Kiingereza, lakini kichwani nilikuwa nimeiandaa kwa Kiswahili, ili mtenda awepo.

Wayne aliuweka mkate mezani. Akaniuliza, "Ulimweka kabla sijafika, au uliponisikia nakuja?"

Nikasema, "Nilipokusikia unakuja."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa. Akasema, "Kumbe niliangalia. Nilijua niliangalia." Halafu akasema, "Nimempigia mama kwa simu ya kituo nikamwambia mimi ni mzembe. Ulinisikia nikimwambia. Ulikuwa unakunja shati langu."

Nikasema samahani. Akasema, "Sijui nilifanyie nini hilo neno leo," akatoka. Sikumfuata. Sikuwa na haki ya kumfuata.

Profesa Audrey aliniuliza kwa nini nimesema sasa. Nilitaka kumwambia habari za barua, nikaona nitakuwa nakuweka mbele yangu kama ngao. Nikamwambia nilichelewa, basi. Amenitoa kwenye nyavu kuanzia leo. Naosha mifuko ya kitambaa na kupanga vyombo. Watu wa jikoni wameshajua; mpishi alinipa supu bila kunitazama, lakini aliijaza. Wayne amefungua begi moja. Jingine bado limefungwa mlangoni, na sijui maana yake.

Ijumaa Profesa na wakubwa wawili kutoka mjini wataketi. Wataamua kama ninabaki kwa kazi ya vyombo, au ninaondoka na gari la mwisho wa mwezi, lile alilokuwa apande Wayne. Pia wataandika upya taarifa ya ndege yule, na jina langu litakuwa ndani yake. Nimeomba liwemo.

Ninaogopa sana, Babu. Usimwambie Mama kwamba ninaogopa, mwambie ninakula.

Wakishaamua, iwe ni kubaki au kurudi, nitakuandikia siku hiyohiyo, nikiwa bado sijamwambia mtu mwingine.

Mjukuu wako,
Queen